Saa ya kuhesabu hatua imezeeka, ninunue gani? Na mbona njia ni ile ile lakini hatua zimepungua?

#1 · Bi_Kuze
Assalaam aleikum, wanajukwaa.

Nina saa ya kuhesabu hatua, aina ile nyembamba ya mkanda wa mpira. Niliinunua mwaka wa korona, daktari aliponiambia sukari yangu imefika mpakani na dawa ya kwanza ni miguu yangu mwenyewe. Tangu hapo naivua kwa kuoga na kuichaji tu.

Njia yangu haibadiliki. Baada ya swala ya alfajiri natoka Kuze, hapa Mombasa, napita mbele ya Fort Jesus, nashika njia ya Mama Ngina mpaka kwenye mibuyu, kisha nageuza. Zamani nikiingia mlangoni inasoma elfu nane na ushei. Siku hizi inasoma elfu sita, na kuna siku haifiki hapo. Chaji nayo ilikuwa ikinifikisha wiki; sasa nikiijaza usiku, adhuhuri ya kesho yake imezima.

Kilichochoka ni saa au ni mimi? Na nikinunua nyengine, iwe gani? Nataka namba ninazozisoma bila miwani, isiogope jasho na chumvi ya huku kwetu, na chaji idumu. Sitaki kupokea simu mkononi, sitaki kuletewa ujumbe. Nataka hatua, basi.

#2 · Fundi_SabaSaba
Waaleikum salaam, mamangu. Saa za aina hiyo zimenipita mikononi nyingi. Huo ni uzee wa betri. Betri ya lithiamu ikishajazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500 hivi, uwezo wake huwa umeshuka mpaka kama asilimia 80, na kutoka hapo huteremka haraka. Joto huzidisha. Saa ikiachwa juu ya dashibodi ya gari mchana wa kaskazi, umeipunguzia umri.

Sasa ikizima adhuhuri, hatua zote za jioni hazimo. Na kuna zile ambazo zikizima kabisa hupoteza wakati mpaka ziunganishwe na simu, hivyo hatua za leo zikaandikwa siku isiyokuwa yake.

Kubadilisha betri kunawezekana, lakini kioo kimegandishwa kwa gundi. Ukishakibandua, kinga ya maji hairudi kama ilivyokuwa. Kwa mtu anayetembea na jasho kila siku, nunua mpya.

#3 · Bi_Kuze
Ahsante fundi. Lakini matembezi yangu ni ya alfajiri, wakati huo chaji imejaa pomoni. Za jioni sizihesabu. Ni hizo hizo za asubuhi ndizo zilizopungua.

#4 · Kijana_Mtwapa
Shangazi, kwani simu yako haina kihesabu hatua? Android imekuwa na nafasi ya kazi hiyo tangu toleo la 4.4 la 2013, na iPhone tangu 5s, mwaka huo huo. Weka programu ya bure, simu mfukoni, umemaliza. Pesa ya saa nunua viatu.

#5 · Mama_wa_Tudor
@Kijana_Mtwapa mfuko gani? Sisi wa buibui simu inakaa kwenye mkoba, na mkoba unakaa juu ya kabati. Mie nikitegemea simu, siku nzima ya kupanda na kushuka ngazi nyumbani inasoma kama nililala. Wanaume mna mifuko minne kwenye suruali moja, hamlijui hili.

#6 · Bi_Kuze
Na alfajiri sitoki na simu, mwanangu. Nikiporwa hatua zangu hazina hasara, nikiporwa simu nina hasara.

#7 · Nahodha_Mstaafu
Bi_Kuze, ndani ya vyombo hivyo mna springi. Nilikuwa nacho kimoja nilipokuwa baharini, nakibana kwenye mshipi. Ukikitikisa unasikia kidude kinagonga ndani. Miaka ikipita springi inalegea, hatua ndogo ndogo haizikamati tena. Huo ndio uzee wa saa yako.

#8 · Fundi_SabaSaba
Ami, hicho chako ni cha zama zake, na kweli kilikuwa na springi na kijiuzito kinachoruka kila mguu ukikanyaga. Hizi za leo hazina. Ndani mna kipande kidogo cha silikoni kinachopima mtikisiko kwa pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kisha programu inatazama mtikisiko ule kama una mpigo wa mtu anayetembea. Kile kipande hakilegei kwa miaka sita.

Kinachobadilika ni programu. Kampuni ikituma toleo jipya, hesabu inaweza kuwa kali kuliko ya jana. Mtikisiko uliokuwa ukihesabiwa hatua leo unaachwa. Bi_Kuze, kumbuka: uliwahi kukubali toleo jipya kwenye simu siku hatua zilipoanza kupungua?

#9 · Bi_Kuze
Mjukuu ndiye anayeshika simu yangu, na yeye hukubali kila kitu kinachoulizwa. Kwa hiyo yawezekana.

#10 · Mama_wa_Tudor
Mie nina lengine. Wakati wa kurudi, mkononi una nini? Nilipokuwa na mtoto mchanga nilikuwa nasukuma kile kigari chake kutoka Tudor mpaka Buxton na kurudi. Mikono yote miwili imeshika upau, haipungi. Saa ilikuwa ikinipa hatua za kuchekesha. Nikimbeba mgongoni kwa kanga, mikono wazi, hesabu inarudi sawa. Hata sokoni Kongowea, nikibeba kikapu kwa mkono wenye saa, kutoka langoni hadi kwa matatu ni kama sikutembea.

#11 · Bi_Kuze
Umenigusa. Siku hizi nikirudi napitia Marikiti, nachukua nazi, mboga, na tui la haraka likitokea. Kikapu ni mkono wa kushoto, na saa ni mkono wa kushoto. Lakini kutoka Marikiti mpaka kwangu si mbali, hapana hatua elfu mbili hapo.

#12 · Muuguzi_Changamwe
Salaam, Bi mkubwa. Naomba nilitaje ambalo wengine wanalizunguka: yaweza kuwa ni mwendo wako, na si jambo la kuona haya. Saa hizi hukosea zaidi kwa mtu anayetembea polepole au anayeburuta miguu, kwa sababu mtikisiko wa mkono unakuwa mdogo. Ukivaa makubadhi yaliyolegea utaburuta. Goti likiuma utaburuta.

Na kwa kuwa umetaja sukari, nakuuliza kama ninavyowauliza wagonjwa wangu: vidole vya miguu vinakufa ganzi? Unahisi kama unakanyaga juu ya pamba? Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu neva za miguu, na mtu hubadilisha mwendo bila mwenyewe kujua. Kagua nyayo kila usiku, hata kwa kioo kidogo ukishindwa kuinama. Kutembea pekupeku mchangani, ambako watu wengi mjini wanakusifu, kwa mwenye ganzi sikushauri hata kidogo.

#13 · Ami_Makadara
Kabla hatujamzeesha mwanamke wa watu wala saa yake, tupime. Tafuta njia iliyonyooka, pale Mama Ngina panatosha. Simama, soma namba. Tembea ukihesabu kwa mdomo hatua 200, simama, subiri kidogo namba itulie, soma tena. Fanya mikono mitupu. Kisha fanya na kikapu. Kisha hamisha saa mkono wa pili ufanye tena.

Na iwe hatua nyingi mfululizo, si kumi kumi. Saa nyingi husubiri zione hatua kadhaa zinazofuatana ndipo zianze kuandika, ili mtu akijikuna zisimwandikie safari. Ndiyo maana kuzunguka jikoni hatua tatu huku na nne kule hupotea.

#14 · Kijana_Mtwapa
Angalia pia kwenye mipangilio urefu wa hatua na urefu wako. Ukiwa umeandikwa mrefu kuliko ulivyo, hatua zitatoka chache.

#15 · Ami_Makadara
Hapana, mwanangu. Urefu wa hatua unabadilisha kilomita, haugusi hesabu ya hatua. Saa inahesabu mitikisiko kwanza, kisha inazidisha kwa urefu wa hatua ipate masafa. Mtu wa sentimita 165 hatua yake ya kawaida ni kama sentimita 68, kwa hiyo hatua 8,000 ni kilomita tano na nusu hivi. Ukidanganya urefu, kilomita zitadanganya. Hatua zitabaki zile zile.

Mpangilio wa kutazamwa ni wa mkono. Baadhi ya saa zinauliza umevaa mkono unaoutumia zaidi au ule mwengine, na jibu lako linabadilisha ukali wa hesabu, maana mkono wa kulia una shughuli nyingi zisizo hatua. Kama mjukuu amegusa hapo, huenda ndiyo sababu.

#16 · Mkaanga_Mahamri
Nyie mnalia kupungua, mie zangu zinazidi! Nafanya mahamri na mbaazi Mwembe Tayari, naanza kazi saa tisa usiku. Nakaa kwenye mbuzi, kifuu mkononi, nakuna nazi. Mkono wenye saa ndio unaosukuma na kuzungusha: mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwa mpigo mmoja mpaka nyeupe iishe na kifuu kianze kutoa unga wa kahawia. Kifuu kinafuata kingine. Kisha unga, nakanda kwa ngumi mbili mpaka uache kushika bakuli. Nikija kutazama, saa imetetemeka inanipongeza, na kitako hakijaondoka kwenye mbuzi.

Binti yangu aliniambia niivue wakati wa kazi. Nikiivua, basi zile nyakati ninazoinuka kupeleka karai na kurudi hazihesabiwi. Sasa ipi kweli?

#17 · Dereva_Tuktuk
Ya nazi naiamini kabisa. Na tuktuk pia inatoa hatua. Njia ikiwa mbaya, usukani unanitingisha mikono siku nzima. Jioni naonekana nimekwenda kwa miguu hadi Malindi.

#18 · Nahodha_Mstaafu
@Mkaanga_Mahamri hizo hatua za nazi hesabu, ni kazi ya mwili. Nani kasema mkono si kiungo?

#19 · Mama_wa_Tudor
@Dereva_Tuktuk mie abiria wa tuktuk kila siku na haniongezei kitu. Mkono uko pajani. Labda ni usukani tu.

#20 · Dereva_Tuktuk
Panda ya kwangu Mikindani uone.

#21 · Kijana_Mtwapa
Kwa vyovyote vile, Shirika la Afya Duniani limesema ni hatua 10,000 kwa siku. Elfu sita wala elfu nane hazijafika. Shangazi ongeza mzunguko.

#22 · Muuguzi_Changamwe
Mwanangu, hilo sahihisha. Shirika la Afya Duniani linazungumza kwa dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani kwa mtu mzima, na linasema hata kidogo kina faida kuliko kukaa. Elfu kumi ilitoka Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo za 1964. Kampuni iliuza kihesabu hatua kilichobeba namba hiyo kwenye jina lake. Ilikuwa biashara nzuri, ikashika dunia nzima.

Utafiti ulikuja baadaye. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha kazi yao juu ya wanawake wazee, wastani wa umri miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Mwaka 2025 jarida la Lancet Public Health lilitoa uchambuzi wa tafiti nyingi, nao ulitaja 7,000 kuwa lengo la maana. Bi_Kuze, elfu sita zako si kushindwa.

Kama unataka kujua unatembea kwa kasi inayofaa, hesabu hatua za dakika moja. Mia moja au zaidi, huo ni mwendo wa wastani. Na kwa sukari, hata matembezi mafupi baada ya chakula yanaishusha. Anayedungwa insulini, au anayemeza vidonge vinavyoweza kuiangusha sukari, atoke na kitu kitamu mkononi.

#23 · Nahodha_Mstaafu
Daktari wangu hakunisomea jarida. Aliniambia elfu kumi, nikaishika, na mwili umekaa vizuri. Ukimwambia mtu elfu saba zatosha, atafanya tano. Mie naona namba kubwa inavuta.

#24 · Muuguzi_Changamwe
Ami, wewe inakuvuta. Mwengine inamkatisha tamaa wiki ya kwanza, saa inaishia kabatini. Hao nawaona mie kliniki.

#25 · Mpwa_Majengo
Turudi kwenye kununua, maana Bi_Kuze aliuliza mawili na la pili limeachwa njiani.

Kwa hatua tu, saa nyembamba za Xiaomi zinatosha na mjini zimejaa. Ya 2019, Mi Band 4, ilikuwa lazima uchomoe kidude kwenye mpira ndipo uchaji. Kuanzia ya 5, mwaka 2020, unabandika chaja ya sumaku mgongoni bila kuchomoa. Smart Band 9 ya 2024 kiwandani wanasema inakaa siku 21. Hizo ni siku za kiwandani, ukiacha mapigo ya moyo yapimwe kila dakika na kioo kikiwaka kila ukiinua mkono utapata chache. Zima ujumbe, zima simu, chagua uso wa saa wenye tarakimu kubwa za hatua katikati.

#26 · Fundi_SabaSaba
Nakubali, na naongeza la chumvi kwa sababu ndilo linaloleta watu kibandani kwangu. Tazama mgongo wa saa, pale kwenye vitundu viwili vya shaba vya kuchajia. Mwenye kwenda baharini na asiyesuuza, utaviona vina ukungu wa kijani na pembeni pana ngozi nyeupe ya chumvi iliyokauka. Chaja inagusa lakini umeme haupiti, mtu anasema betri imekufa. Nachukua mswaki laini na spiriti kidogo, nasugua mpaka shaba ing'ae, inachaji. Bi_Kuze, fanya hili kwanza kabla hujatoa shilingi.

Ile alama ya 5 ATM, ya kinga ya maji, ni kipimo cha maji matamu yaliyotulia. Bahari si hiyo. Kuogelea Pirates unaweza, ila ukitoka isuuze kwa maji ya bomba na uikaushe. Jasho nalo ni chumvi vile vile.

#27 · Mchunguzi_Bamburi
Mie nawaonya juu ya kitu chengine: kampuni kufa na saa kufa nayo. Jawbone walifunga duka 2017. Pebble walinunuliwa na Fitbit mwisho wa 2016, na 2018 seva zao zikazimwa. Nike waliacha FuelBand, na 2018 huduma zake zikakatwa. Fitbit yenyewe ni ya Google tangu Januari 2021, na wenye akaunti za zamani walitakiwa kuhamia za Google. Vyombo vilikuwa vizima mikononi mwa watu.

Kwa hiyo nauliza kabla ya bei: bila intaneti na bila akaunti, inahesabu? Kuna programu huria ya Android inaitwa Gadgetbridge, inazungumza na saa nyingi za Xiaomi na Amazfit, na hatua zako zinabaki kwenye simu yako. Kuiweka kunahitaji mtu mvumilivu, baadhi ya saa zinadai ufunguo unaotoka kwenye programu ya kampuni.

Au achana na simu kabisa. Kuna vihesabu vya kubana kiunoni, vya betri ya kifungo unayonunua duka lolote la saa. Kioo chake kina tarakimu kubwa, mtu anasoma bila miwani. Kiuno kinatikisika hata mikono ikibeba kikapu au ikisukuma kigari, na ukikuna nazi umekaa kitako hakikuandikii hatua. Garmin nao wametoa vivofit, inavaliwa mkononi, betri ya kifungo zaidi ya mwaka bila kuchaji.

#28 · Bi_Kuze
@Mchunguzi_Bamburi hicho cha kiunoni nimekipenda. Kinakaa kwenye mshipi wa sketi ndani ya buibui?

#29 · Mchunguzi_Bamburi
Kinakaa, mama. Kiwe kiunoni upande, mstari mmoja na goti, kisilale. Na kifungwe kamba ndogo, maana hupotea chooni.

#30 · Kijana_Mtwapa
Mkinunua za mkononi, jihadharini na feki. Kipimo chake: funga saa kwenye ndizi. Ikionyesha mapigo ya moyo, ni feki, mrudishie muuzaji.

#31 · Fundi_SabaSaba
Hapana. Hata ya asili inaweza kuonyesha mapigo kwenye ndizi. Ile taa ya kijani inatupa mwanga na kupima unaorudi. Ikikutana na kitu chochote kinachorudisha mwanga, programu itajaribu kutafuta mpigo. Feki utaijua kwa mambo mengine: haiungani na programu ya kampuni, au ukiitikisa kidogo mkononi inaongeza hatua kwa hamsini.

#32 · Harusi_Kibokoni
Hapo kwenye taa mie nina ushahidi. Wiki ya harusi ya dadangu nilipakwa piko nzito mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanaruka ruka au hayatoki, mpaka piko ilipofifia. Hatua lakini zilihesabiwa sawa, na siku ya vugo, ngoma yetu ya harusi, zilipita mpaka!

#33 · Fundi_SabaSaba
Rangi nyeusi inameza mwanga. Hatua hazitumii taa, zinatumia mtikisiko, ndiyo maana hazikuguswa. Na za vugo ni za kupiga pembe, usijidanganye.

#34 · Harusi_Kibokoni
Nilicheza pia!

#35 · Mama_Umra
Samahani nikiingilia. Nakwenda Umra mwaka huu inshaallah na nafuatilia uzi huu kwa hamu. Sa'i peke yake, safari saba kati ya Safa na Marwa, ni kama kilomita tatu na kitu, bado tawafu na kutoka hotelini. Nataka kuanza mazoezi sasa. Je, niende na saa ya kuchaji au hicho cha kiunoni?

#36 · Muuguzi_Changamwe
Mungu akufikishe. Cha kwanza viatu, mama, na uvizoee kabla ya safari. Anza kwa masafa unayoyaweza leo, ongeza kidogo kila wiki. Chombo chochote kitakuonyesha kama unapanda.

#37 · Bi_Kuze
Nimerudi. Nimefanya kipimo cha Ami_Makadara pale Mama Ngina, kijana muuza madafu akinisaidia kuhesabu kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka. Mikono mitupu: ilikosea hatua chache tu. Na kikapu: ilihesabu chini ya nusu. Mkono wa kulia ilizidisha kidogo. Vitundu vya shaba nimevisugua, vilikuwa kijani kama fundi alivyosema, na chaji imepata nafuu ingawa wiki haifiki.

Lakini siku ya pili nilikwenda njia nzima bila kikapu, na bado haikufika elfu nane. Imezidi ya juzi, ila haikufika. Kwa hiyo kikapu ni sehemu tu ya jambo.

#38 · Fundi_SabaSaba
Toleo jipya la programu. Narudia.

#39 · Ami_Makadara
Kama ni programu, hata zile hatua 200 zingepungua. Mkono mtupu imehesabu vizuri leo. Tatizo haliko kwenye hesabu.

#40 · Fundi_SabaSaba
Hatua 200 za mfululizo si sawa na kutembea mjini. Anasimama kwenye magari, anasalimia, anaanza upya. Programu kali inaacha kila mwanzo.

#41 · Mama_wa_Tudor
Na mkanda? Miaka yote hiyo mpira unalegea. Saa ikicheza kwenye mkono inatikisika vyake.

#42 · Muuguzi_Changamwe
Umehesabiwa na kijana pembeni, Bi mkubwa. Mtu akitazamwa hutembea vizuri, anainua miguu. Nenda peke yako ukirudi umechoka, ndipo upime. Bado nasisitiza nyayo zikaguliwe.

#43 · Nahodha_Mstaafu
Mmesahau njia yenyewe. Mama Ngina ilitengenezwa upya, ikafunguliwa 2019, na watu bado wanajipatia vijia vya kukata. Bi_Kuze, una hakika unageukia mbuyu ule ule wa mwaka wa korona? Mie nimekuona mara nyingi asubuhi na yule shoga yako, mnageuka mazungumzo yakinoga.

#44 · Bi_Kuze
Mbuyu ni ule ule, Ami. Wallahi.

#45 · Mpwa_Majengo
Ushauri wa mwisho wa kununua: chochote utakachochagua, usiivue ya zamani mara moja. Vaa zote mbili mwezi mmoja, moja mkononi moja kiunoni, andika namba za zote kwenye daftari. Vinginevyo hutajua elfu sita ya zamani ni ngapi kwa chombo kipya, na utadhani umepona au umeharibika kwa siku moja.

#46 · Fundi_SabaSaba
Na ukimaliza nayo, usiitupe jaani na taka za jikoni. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kupondwa inawaka. Ukiona kioo kimeanza kuinuka upande mmoja, betri imevimba, usiichaji tena hata kidogo. Niletee.

#47 · Bi_Kuze
Nimeagiza cha kiunoni, na ya zamani nitaendelea nayo mkono wa kushoto, kikapu nimekihamishia kulia. Ahsanteni nyote. Namba za mwezi nitazileta hapa hapa. Muuguzi, Jumatatu napelekwa kliniki na binti yangu kwa ajili ya nyayo.

#48 · Mkaanga_Mahamri
Na mie nimeisubiri mpaka hapa: nikikuna nazi, niivue au niivae mguuni?

#49 · Mchunguzi_Bamburi
Kifundo cha mguu kitakuwa sawa kwa hatua, mapigo ya moyo usiyategemee.

#50 · Nahodha_Mstaafu
Mwache aivae mkononi. Kazi ni kazi.